Mbona Wanafyeka Kijani? Jinsi Uoto wa Asili Unavyorudishwa Kando ya Njia za Matembezi

Lalamiko ni lile lile kila mahali kikundi cha kujitolea kinapoingia kazini kando ya njia ya matembezi. Mpita njia anakuta watu waliovaa glovu wakifyeka kichaka kilichojaa maua, mti mzima usio na ugonjwa umelala chini, na pale palipokuwa kijani pamebaki udongo mtupu. Kabla ya jioni picha imeshafika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa: "Tunahimizwa tupande miti, hawa wanaikata!" Wa pili anasema ni kuni zinazotafutwa. Wa tatu ana hakika kuna tajiri anayesafishiwa kiwanja.

Shaka hiyo si ya kubezwa. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa na walinzi walipokwenda kupanda miche katika msitu wa Karura, Nairobi, wakati vipande vya msitu huo vilikuwa vimegawiwa watu binafsi. Anayeuliza maswali akiona panga msituni anafanya jambo jema. Ila jibu lake ni refu kidogo kuliko ujumbe wa simu, kwa sababu kazi yenyewe inakwenda kinyume na tulivyozoeshwa. Kurudisha uoto wa asili huanza kwa kuondoa. Kupanda huja baadaye, na pengine kusije kabisa.

Mwenyeji, mgeni, mvamizi

Mimea asilia ya mahali ni ile iliyofika pale bila kuletwa na mtu, ikaishi kwa maelfu ya miaka pamoja na wadudu, ndege, kuvu na wanyama wa hapo. Mimea ya kigeni ililetwa na binadamu, kwa kukusudia au kwa bahati mbaya. Mimea vamizi ni ile ya kigeni inayotoka ilikopandwa, ikasambaa bila msaada wa mtu na kuisonga mingine.

Mazungumzo mengi huharibika hapo hapo, maana watu wakisikia "kigeni" hudhani kila kilichotoka nje kinapigwa vita. Mwembe ulitoka Asia ya Kusini, na hakuna kikundi chenye akili timamu kinachozunguka kikikata miembe. Mwarobaini, ambao wengi wangeapa ni wetu tangu enzi za mababu, asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani. Lantana ilitoka Amerika ya kitropiki, ikasambazwa duniani kama ua la bustani, kisha ikatoroka bustanini. Wote watatu ni wageni, lakini hawana tabia moja. Mwembe hukaa ulipopandwa. Mwarobaini mahali pengine hutulia, pengine huanza kujiotea ovyo. Lantana haina mahali inapotulia.

Wala mipaka ya nchi haisaidii kuamua. Chukua *Maesopsis eminii*, mti ambao Waganda huuita musizi. Ni mwenyeji wa Afrika, kuanzia magharibi mwa bara hadi maeneo ya Ziwa Victoria, kaskazini-magharibi mwa Tanzania ikiwemo. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulipelekwa Usambara Mashariki, ndani ya Tanzania hiyo hiyo. Hondohondo wakayapenda matunda yake, wakabeba mbegu, na mti ukapenya katika msitu wa Amani na kushika nafasi za miti ya huko kila palipofunguka mwanga. Basi ni mti wa Kiafrika, uko Afrika, na bado ni mvamizi. Ndiyo maana kikundi makini hakiishii kuuliza kama mmea ni wa nchini. Kinauliza kama ni wa bonde hili, wa udongo huu, wa mwinuko huu.

Liko na neno makazi. Hapa halina maana ya mimea peke yake. Makazi ya kiumbe ni mahali anapopata kila anachohitaji: chakula, maji, pa kujificha, pa kuzalia. Gogo lililooza ni sehemu ya makazi. Majani makavu yaliyorundikana chini ya mti ni sehemu ya makazi. Mti uliokufa ukiwa umesimama, wenye matundu ya vigong'ota, una wapangaji wengi kuliko mti mbichi. Kwa hiyo mtu anayefika na reki akitaka "kusafisha" kila kitu, hata awe na nia njema namna gani, anafaa apewe kazi nyingine siku hiyo.

Lakini vipepeo wamejaa kwenye hayo maua

Huu ndio utetezi wa lantana unaosikika zaidi, na una ukweli ndani yake. Vipepeo kweli hunywa nekta ya lantana, na ndege hula vitunda vyake vyeusi. Tatizo ni kwamba kipepeo hakuanza maisha akiwa na mabawa. Alianza akiwa kiwavi, na kiwavi hachagui mkahawa. Aina nyingi za viwavi zinaweza kula majani ya mimea michache tu iliyo ya ukoo mmoja, kwa sababu kila mmea una sumu zake za kujilinda na kila mdudu amejifunza kuzimudu sumu chache. Kipepeo maarufu wa Amerika Kaskazini aitwaye monarch hutaga mayai kwenye jamii ya mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa na si kwingine. Mjazie bonde zima maua mengine, atakunywa, atashukuru, na hatakuwa na pa kuacha watoto.

Unaweza kulikagua jambo hili mwenyewe bila darubini. Simama njiani, ushike tawi la lantana au la ua lolote la kigeni lililoshamiri, uyageuze majani. Mara nyingi utayakuta mazima, laini, bila tundu. Kisha tafuta mti wa asili wa mahali hapo na ufanye vivyo hivyo. Utaona matundu, kingo zilizotafunwa, jani lililokunjwa na kushonwa kwa uzi mwembamba na mdudu aliyejificha ndani, mistari myeupe ya funza anayetembea kati ya ngozi mbili za jani. Mkulima akiona hivyo hutafuta dawa. Anayerudisha makazi hufurahi, kwa sababu majani yanayoliwa ndiyo yanayolisha ndege.

Na ndege wanahitaji wadudu kuliko tunavyodhani, hata wale tunaowajua kwa kula nafaka na matunda, kwa kuwa wengi wao hulisha makinda viwavi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika bustani za nyumba kuzunguka Washington, Marekani, ulimfuatilia ndege mdogo aitwaye Carolina chickadee. Pale ambapo mimea asilia ilikuwa chini ya asilimia 70 ya uoto wote, ndege hao hawakuzaa na kuishi vya kutosha kufidia wanaokufa. Bustani zilikuwa za kijani, nyingine nzuri za kupigia picha, lakini makinda hayakuwa na cha kula.

Kwa nini njiani hasa

Njia ya matembezi hubadilisha mambo matatu kwa wakati mmoja. Hukata mwavuli wa miti na kuingiza jua hadi chini, na mimea mingi vamizi hupenda jua. Hushindilia udongo, na udongo ulioshindiliwa huwapa nafasi wale wasiochagua. Tena huleta miguu.

Hili la miguu watu hulidharau. Kila aliyewahi kupita kwenye nyasi ndefu anakijua kishona nguo, zile mbegu nyeusi nyembamba zenye meno zinazong'ang'ania suruali na soksi hadi mtu akae chini azichomoe moja moja. Wengi huzichomoa kwenye benchi la kupumzikia, wakazidondosha papo hapo, tayari zimesafirishwa bure. Kishona nguo chenyewe kilitoka Amerika na leo kiko karibu kila mahali penye joto. Watafiti waliokagua nguo, viatu na mizigo ya watu wanaokwenda Antaktika, wengi wao wakiwa wasafiri waliojiandaa vizuri, walipata wastani wa mbegu 9.5 kwa kila mtu aliyekutwa na mbegu. Ikiwa bara la barafu linafikishiwa mbegu kwa mtindo huo, njia ya mtaani inayopitiwa na mbwa, baiskeli na mikokoteni ya watoto inafikishiwa ngapi?

Hata tope linatosha. New Zealand ina mti mkubwa uitwao kauri unaouawa na kimelea cha udongoni kisichoonekana kwa macho, kinachosafiri na tope lililoganda kwenye soli. Mwishoni mwa 2017 Wamaori wenyeji wa milima ya Waitākere, karibu na Auckland, waliweka katazo la kimila la kuingia msituni, na mwaka 2018 mamlaka ya jiji nayo ikafunga eneo hilo. Njia zilipoanza kufunguliwa tena, wageni walikutana na vituo vya kusugulia na kupulizia dawa viatu. Wapo walioona ni usumbufu. Mimi naona ni katika sheria chache za msituni ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzitimiza kikamilifu kwa dakika moja na brashi.

Kwa hiyo kando ya njia ndipo uvamizi unapoingilia, na ndipo unapoonekana mapema na kufikiwa bila kuhitaji kukanyaga msitu. Ni mahali pazuri kwa watu wa kujitolea kufanya kazi, mradi wajue pa kuanzia.

Anzia palipo pazuri

Ukimpa mtu panga na kumwonyesha ukingo wa njia wenye magugu, atakwenda moja kwa moja penye kichaka kikubwa kuliko vyote. Ni kawaida ya binadamu, na ni kosa la kwanza la karibu kila kikundi.

Katika miaka ya 1960, dada wawili wa Sydney, Australia, Joan na Eileen Bradley, walikuwa wakitembea kila mara katika msitu wa karibu na nyumbani kwao, Mosman. Lantana ilikuwa moja ya kero za msitu huo. Waliona kwamba palipofyekwa kwa nguvu na kuachwa wazi, magugu yalirudi kwa kishindo. Wao wakaanza kung'oa kidogo kidogo kwa mikono na vifaa vidogo, huku wakitembea. Wakafikia kanuni tatu ambazo hadi leo hufundishwa: anzia palipo na mimea asilia mizima ukisogea kuelekea palipoharibika, usivuruge udongo, na ukiuvuruga urudishe majani yake juu, usiende haraka kuliko mimea asilia inavyorudi.

Kanuni ya kwanza inaeleweka ukimtazama fundi anayetia kiraka. Sindano yake huanzia kwenye kitambaa kizima, kwa sababu uzi unahitaji pa kushika. Mahali penye miti na vichaka vya asili pana mbegu zinazodondoka, kivuli kinachozuia wavamizi, kuvu wa udongoni wanaosaidia mizizi. Ukiondoa magugu machache yaliyoanza kupenya hapo, jirani mwenyeji anaziba pengo mwenyewe, bure. Ukianzia katikati ya kichaka cha lantana kilichokomaa, hakuna mwenyeji karibu wa kuziba chochote. Umefungua jua, na atakayeziba pengo ni lantana ileile au gugu lingine lililokuwa likisubiri.

Kanuni ya tatu ndiyo inayowashinda wengi, kwa kuwa haina picha nzuri. Siku nzima ya kazi ya kikundi inaweza kuisha na ukingo wa njia ukaonekana vilevile kwa asiyejua. Wafadhili hawapendi hivyo. Viongozi wanaokuja kukata utepe ndio hawapendi kabisa.

Mkiikata si imekwisha?

Hapana. Kisiki cha lantana kilichoachwa ardhini huchipua. Mathenge, mti uliopelekwa Baringo nchini Kenya miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kutoa kuni, ukikatwa hutoa matawi mengi mapya pale penye shina moja. Wafugaji wa huko walichoshwa nao hata wakaipeleka serikali mahakamani. Kukata juu juu bila kushughulikia mzizi ni kupogoa tu.

Kazi ya mkono huwa hivi. Mche mdogo hung'olewa baada ya mvua, udongo ukiwa laini: unashika shina karibu kabisa na ardhi, unavuta polepole kwa kusokota kidogo, mzizi unatoka mzima. Ukivuta kwa hasira shina linakatikia mkononi na mzizi unabaki unakucheka. Kichaka kikubwa hukatwa kwanza matawi, kisha sururu inachimba kuzunguka lile fundo gumu ambapo mashina yote yanakutana na mizizi. Fundo hilo ndilo la kutoa. Mizizi myembamba ya pembeni ikibaki si neno kubwa. Shimo hufunikwa, udongo unakanyagwa kidogo, majani makavu yanarudishwa juu. Matawi yenye matunda hayaburutwi njiani, kwani kila hatua yangedondosha mbegu. Hutiwa kwenye gunia pale pale.

Mti mkubwa una njia mbili. Unaweza kubanduliwa gome mduara mzima ili ufe umesimama, na njia hiyo nzuri huacha makazi ya vigong'ota, lakini haifai karibu na njia kwa sababu matawi yake yataanguka juu ya watu. Au hukatwa na kisiki kupakwa dawa ya magugu mara moja kwa brashi. Watu wakisikia dawa huruka. Nawaelewa, na ninakubali kwamba kupuliza dawa ovyo kando ya kijito ni uharibifu. Lakini kupaka kiasi kidogo kwenye kisiki kibichi ni jambo tofauti na kupuliza, na wakati mwingine chaguo lingine ni kuchimba na kuporomosha ukingo mzima wa mto. Sharti ni kwamba anayepaka awe amefunzwa, awe na kibali, na mahali pawekwe alama. Si kazi ya kila aliyejitokeza Jumamosi.

Hata ukishinda kila kisiki, udongo wenyewe una akiba ya mbegu. Mwaka 1879 mtaalamu wa mimea William Beal alifukia chupa 20 za mbegu za magugu huko Michigan, Marekani, ili chupa zifukuliwe kwa zamu. Mwaka 2021, zaidi ya miaka 140 baadaye, chupa moja ilifukuliwa na baadhi ya mbegu zikaota. Si kila gugu lina uvumilivu huo, lakini ukingo uliovamiwa kwa miaka mingi utaendelea kuotesha magugu misimu kadhaa baada ya mmea mama kuondoka. Kurudi kung'oa miche hiyo ikiwa na urefu wa kidole ni rahisi mno. Kurudi baada ya mwaka mmoja na nusu ni kuanza upya. Ukiniuliza kikundi kipi kitafanikiwa, sitaangalia kilivyofyeka siku ya kwanza, nitaomba ratiba yake ya mwaka wa pili.

Liko jambo jingine linalochelewesha kazi, na linachelewesha kwa haki. Palipovamiwa sana, kichaka cha kigeni kimeshakuwa nyumba ya mtu. Ndege wamejenga ndani yake kwa sababu hakuna kichaka kingine kilichobaki. Ukikiondoa chote kwa siku moja, tena msimu wa kutaga, umewafukuza bila kuwapa pa kwenda. Kwenye mteremko, umeacha mvua ya kwanza iubebe udongo. Ndiyo maana utaona kikundi kimeacha nusu ya lantana imesimama, na mpita njia mwingine (huwa yupo) analalamika kwamba ni wavivu.

Na kupanda je

Baada ya kuondoa, hatua inayofuata ni kusubiri. Msimu mmoja wa mvua hutosha kuonyesha nini kinaota chenyewe. Mara nyingi miche ya asili ilikuwa imelala chini ya kichaka ikikosa mwanga, na mche uliojiotea umeshachagua mahali pake, una mzizi usiowahi kukunjwa kwenye kiriba, yaani mfuko wa plastiki wa kuoteshea miche. Unachofanya ni kuuwekea kijiti cha alama ili asije mtu wa palizi akaung'oa. Hii hutokea kila mara. Kwa mgeni, mche wa mti wa asili na mche wa gugu vinafanana sana vikiwa na majani manne.

Pasipoota kitu, ndipo panapandwa. Hapo ndipo hesabu kubwa zimetupotosha. Julai 2019 serikali ya Ethiopia ilitangaza kwamba miche zaidi ya milioni 350 imepandwa kwa siku moja. Novemba mwaka huohuo Uturuki ilipanda zaidi ya milioni 11 kwa siku, na miezi michache baadaye chama cha wafanyakazi wa sekta ya misitu kikasema sehemu kubwa ya miche kiliyoikagua imekufa, huku serikali ikikanusha. Siingilii ugomvi wao. Ninachosema ni kwamba idadi ya mashimo yaliyochimbwa haikuambii idadi ya miti. Mche hufa zaidi katika kiangazi chake cha kwanza, na kiangazi huja wakati kamera zimeshaondoka.

Mbegu zitoke karibu. Mti wa aina ileile ulioota mbali, kwenye mvua nyingi, unaweza kuzaa watoto wasiouvumilia ukavu wa kwako. Kitalu kinachojua kazi yake kitakuambia mbegu zilikusanywa wapi, tena kutoka miti kadhaa, si mmoja. Na si lazima kila kinachopandwa kiwe mti. Vichaka, mitambaazi na nyasi ni nusu ya makazi. Kuna mahali kupanda miti ni kuharibu: uoto wa fynbos huko Rasi ya Afrika Kusini una maelfu ya aina za mimea na miti michache mno, na watu wa kujitolea huko hushinda milimani wakikata misonobari na migunga ya Australia. Mbuga za nyasi nazo si misitu iliyoharibika. Zilikuwa nyasi tangu hapo, na wanyama wake wanazitaka nyasi.

Kando ya njia kuna mambo yake madogo. Mimea mirefu haipandwi ukingoni kabisa. Huanza nyasi na maua mafupi, nyuma yake vichaka, nyuma zaidi miti, ili anayetembea peke yake jioni aone mbele na aonekane. Ni suala la usalama, na kikundi kikilipuuza, watu wataacha kupita au watakuja kufyeka wenyewe. Udongo ulioshindiliwa hulegezwa kwanza. Kiriba huchanwa na kutolewa, usicheke, miche inayokufa ikiwa bado ndani ya plastiki ipo mingi. Matandazo huwekwa kama bakuli kuzunguka mche, yasiguse shina, yasije yakaliozesha. Kwenye zile njia za mkato ambazo watu wamejichongea, matawi makavu yenye miiba hufanya kazi nzuri kuliko kibao cha "Usipite hapa".

Kwani hakuna watu wa kulipwa?

Swali hili huulizwa kwa kejeli, lakini ni la maana. Afrika Kusini ilianzisha mwaka 1995 mpango wa serikali wa kuajiri watu kuondoa miti vamizi inayokausha mito, na umetoa kazi kwa watu wengi maskini. Mabonde mazima yaliyovamiwa yanahitaji mpango wa aina hiyo, misumeno ya injini, mishahara na bima. Kuwatwisha kazi hiyo watu wa kujitolea ni kuwachosha bure, na kuwanyima vijana ajira inayoweza kulipwa.

Nguvu ya anayejitolea iko kwingine: anapita pale kila wiki. Anaona mche wa kwanza wa lantana ukiwa na majani mawili, anaona bomba limepasuka, anaona aliyemwaga taka usiku. Mkandarasi ana mkataba wa miezi, yeye anaishi pale. Na si lazima awe na misuli. Kuna anayekusanya mbegu, anayejaza viriba, anayepiga picha, anayesimama njiani kuwajibu wanaouliza kwa hasira. Huyo wa mwisho, kwa maoni yangu, ana kazi ngumu kuliko mwenye sururu, na kibao kidogo cha maelezo kilichowekwa wiki moja kabla ya kufyeka kingempunguzia nusu ya maneno.

Kabla ya kujiunga, uliza mambo machache. Ardhi ni ya nani na kibali kiko wapi? Kuondoa mimea kwenye ardhi ya umma bila ruhusa ni kosa, hata ikiwa ni magugu. Nani anatambua mimea, na je, anatembea na kundi au anatoa maelekezo kwa simu? Nani anamwagilia kiangazi? Na wanapimaje matokeo? Jibu zuri huwa la kawaida kabisa: picha zinazopigwa kutoka sehemu ileile, zikielekea upande uleule, kila msimu, na hesabu ya miche iliyo hai. Kikundi kinachojua kwamba theluthi ya miche yake imekufa, na kwa nini, kinaaminika kuliko kinachosema yote imeshika.

Linabaki suala la miti ya kigeni inayopendwa. Jakaranda ni wa Amerika Kusini, na Pretoria unajulikana dunia nzima kwa maua yake ya zambarau. Sheria za Afrika Kusini zinauhesabu kuwa mvamizi katika majimbo kadhaa, lakini zinauacha uliomo ndani ya maeneo ya miji. Vikundi vingi vya njia za matembezi huishia kwenye mapatano ya namna hiyo. Mti mkubwa wa kigeni unaotoa kivuli penye benchi, usiojisambaza, huachwa uzeeke. Unaojisambaza kidogo huachwa pia, mradi kuna aliyepewa jukumu la kung'oa miche yake kila msimu. Chini yake hupandwa mti wa asili unaovumilia kivuli, miaka kadhaa mapema, ili siku ule mkubwa utakapoanguka, wa kuushika mwanga awe tayari ana urefu wa mtu.